Femwea kwa Vipande: "RAM ni Bei Chee" Siyo Jibu!

Najua blogu imepoa siku nyingi, ni haya mambo ya tesiti, na msuli haupigwi kwa kublogu. Leo nimeona nisikae kimya maana juzi pale vimbweta kulizuka ubishi na mimi nilikatizwa kabla sijamaliza. Hapa kwangu hakuna wa kunikatiza, hehehe.

Ubishi wenyewe ulikuwa hivi. Jamaa zetu wa kompyuta walikuwa wanacheka kwamba ndani ya kerneli ya Linux kuna utaratibu wa kupakia femwea kubwa kidogo kidogo, kipande baada ya kipande, badala ya kubeba faili lote mara moja. Mmoja akasema, nanukuu kwa kumbukumbu, "RAM siku hizi bei chee, hayo mambo ya vipande ni ya enzi za disketi." Mwingine akaongeza kwamba hata hivyo hakuna hatari yoyote, kwa sababu faili likishakuwa na sahihi ya kidijitali basi kazi imekwisha. Wakagongeana mikono. Halafu ikaja ile kejeli ya kawaida: wewe mtu wa ualimu, Fizikia na Hesabu, kerneli inakuhusu nini?

Inanihusu kwa sababu kodi ya Linux iko wazi, haina sharti la kusoma kozi fulani kwanza. Na kwa sababu hoja zote mbili ni mbovu. Ya kwanza ni mbovu wazi wazi, ya pili ni mbovu kwa siri, na hii ya pili ndiyo inayonikera zaidi.

Kwa wale wa fasihi na historia mnaonisoma (nawapenda wote), femwea ni programu inayokaa ndani ya kifaa chenyewe. Kadi yako ya Wi-Fi si bati na waya tu, ina prosesa yake ndogo, na prosesa hiyo inahitaji programu ya kuendesha. Vifaa vingi havina mahali pa kuihifadhi programu hiyo umeme ukikatika. Kwa hiyo kila ukiwasha mashine, mfumo endeshi unaichukua kutoka kwenye diski, kwa Linux ni kwenye folda ya /lib/firmware, na kuikabidhi kwa kifaa. Anayeshughulikia makabidhiano ni dereva, yaani ile sehemu ya kerneli inayojua lugha ya kifaa hicho.

Njia ya kawaida ni kwamba dereva anaita request_firmware. Kerneli inafungua faili, inalisoma lote hadi mwisho, inaliweka kwenye kumbukumbu yake, inampa dereva. Dereva sasa, mara nyingi, analinakili tena kwenda sehemu nyingine ya kumbukumbu ambayo kifaa kinaweza kuisoma chenyewe bila kumsumbua prosesa mkuu. Kwa hiyo kwa muda fulani una nakala mbili za kitu kile kile. Faili likiwa la megabaiti moja, kama zilivyo femwea nyingi za Wi-Fi, nani anajali? Hakuna.

Lakini femwea zimenenepa jamani. Kadi za michoro za NVIDIA kuanzia kizazi cha Turing cha mwaka 2018 zina prosesa ya ndani inayoitwa GSP, na faili lake moja la femwea linapita megabaiti 20. Hii ni programu ya kuamsha kifaa tu, bado hujafungua hata ukurasa mmoja wa intaneti! Nilitegemea kwamba kitu cha ndani ya kifaa ni kidogo kama jina lake, kumbe ni mfumo mzima umejificha mle.

Sasa turudi kwa "RAM ni bei chee". Ubovu wake ni huu: tatizo mara nyingi siyo kiasi cha kumbukumbu, ni MPANGILIO wake. Kumbukumbu ya mashine imegawanywa kwenye kurasa, na kwenye kompyuta za kawaida za x86 kila ukurasa ni kilobaiti 4. Kifaa kinachosoma kumbukumbu chenyewe mara nyingi kinataka eneo lililoungana, kurasa zinazofuatana bila pengo. Na yule mgawaji wa kurasa wa Linux, kwenye mashine hizo hizo za x86, kwa kawaida kipande kikubwa zaidi kilichoungana anachoweza kukupa ni kurasa 1,024, yaani megabaiti 4. Basi. Hata uwe na RAM ya gigabaiti 64.

Ndiyo maana nikawaambia fikirieni ukumbi wa lekcha. Ukumbi una viti 300, waliokaa ni 180, umechelewa na kundi lako la watu 12 mnataka kukaa pamoja mstari mmoja. Viti 120 viko wazi! Lakini kimoja hapa, viwili pale, kingine nyuma ya nguzo. Mtakaa pamoja? Hamtakaa. Na kuongeza viti 100 vya aina hiyo hiyo, vilivyotapakaa hivyo hivyo, hakuwasaidii sana. Mashine iliyokaa imewashwa kwa siku kadhaa inafanana na ukumbi huo. Ndio, kuna dawa. Kuna maunzi yanayoweza kukidanganya kifaa kione kurasa zilizotapakaa kama zimeungana, na kuna kutenga eneo kubwa mapema wakati mashine inawaka, kama anavyofanya yule anayetandaza madaftari kwenye viti saa kumi na mbili asubuhi. Lakini ya kwanza haipo au haijawashwa kwenye kila mashine, na ya pili ni kuliweka pembeni eneo hilo kwa ajili ya kazi inayofanyika mara moja tu wakati wa kuwasha.

Kwa hiyo vipande siyo ushamba. Ukiwa na bafa ya megabaiti 1 tu unaweza kupeleka femwea ya megabaiti 40 kwa safari 40, halafu bafa unairudisha. Anayesema nunua RAM hajasikia swali.

Na wala si mimi niliyegundua. Mwaka 2016, kwenye Linux 4.8, kerneli ilipata njia ya dereva kuleta bafa yake mwenyewe ili faili lisomwe moja kwa moja humo. Hapo nakala ya pili ikafa, lakini bafa bado ilibidi ilimeze faili zima. Desemba 2020, kwenye Linux 5.10, ndipo ikaja request_partial_firmware_into_buf: dereva analeta bafa ndogo, anataja aanzie baiti ya ngapi, anapewa kipande, anakituma, anarudi kuomba kingine. Aliyeisukuma ni Scott Branden wa Broadcom, kwa ajili ya kadi ya kampuni hiyo iitwayo VK ambayo dereva wake aliingia kwenye Linux 5.12 mwaka 2021. Kees Cook, mtu wa usalama wa kerneli, ndiye aliyeingia kupanga upya ile kodi ya kusoma mafaili ndani ya kerneli ili kitu kiweze kupita bila kubomoa ukaguzi. Viraka vilirudi na kurudi, matoleo mengi. Sisi ripoti ya BTP ikirudishwa mara mbili tunalia kwamba msimamizi anatuonea.

Ubishi wao mrefu ulikuwa kuhusu nini? Si RAM! Ulikuwa kuhusu ukaguzi. Na hapa ndipo nataka mkae mkao wa kula.

Faili likisomwa lote, kerneli ina sehemu ya kusimama, baada ya kusoma, na kuwaita walinzi: hiki hapa chote, kikagueni. Mlinzi mmoja anaitwa IMA, kazi yake ni kupima faili na kuangalia kama sahihi yake ni halali. Uzuri wa njia hii ni kwamba kinachokaguliwa ndicho kitakachotumika. Kipo tayari kwenye kumbukumbu, hakuna wa kukibadilisha kati ya mlinzi na dereva.

Sasa kata vipande. Mlinzi aliyeletewa kipande cha tatu atakagua nini? Sahihi ni ya faili zima. Kipande hakina sahihi. Hili ndilo jambo ambalo Mimi Zohar, msimamizi wa IMA, na wenzake hawakukubali lipite kijuujuu. Mwisho wa siku ikakubaliwa hivi: kerneli inamwambia mlinzi mapema kwamba safari hii hutaletewa faili zima, kwa hiyo kama unataka kukagua, kagua sasa. IMA inakwenda yenyewe kwenye diski, inalisoma faili lote mwanzo hadi mwisho, inahakikisha, ndipo kipande kinaruhusiwa. Hapo nawapa heko, wangeweza kuzembea na hawakuzembea.

Gharama zipo. Ukichagua vipande unapoteza vitu. Femwea iliyobanwa, mambo ya xz yaliyoingia mwaka 2019 na zstd mwaka 2022, haiwezekani, kwa sababu huwezi kurukia katikati ya faili lililobanwa ukategemea kuelewa kitu. Ile akiba ambayo kerneli huweka ili mashine ikiamka usingizini dereva asihangaike na diski, nayo hupati. Haya nayakubali, ni bei ya haki.

Nisichokubali ni hiki. Kila dereva anapoomba kipande, kerneli inalifungua faili UPYA, kwa jina lake. Haishikilii lile lililofunguliwa mwanzo. Kipande cha kwanza: fungua, soma, funga. Kipande cha pili: fungua tena, soma, funga. Na kadhalika mpaka mwisho.

Bado hamjaona tatizo? Chukueni mfano wa desa. Kitabu kiko kwenye rizavu maktaba, kinatoka kwa saa mbili mbili. Kundi lenu mmekubaliana mkitoe kopi kwa zamu: Jumatatu ukurasa wa 1 mpaka 60, Jumatano wa 61 mpaka 120, Ijumaa zilizobaki. Jumanne maktaba inaondoa toleo la pili na kuweka toleo la tatu, rafu ile ile, namba ile ile. Mnaendelea kutoa kopi bila habari. Matoleo yote mawili ni halali, yote yana muhuri wa maktaba, mkaguzi akija Jumatatu atasema safi, akija Jumatano atasema safi. Lakini mlichonacho mwishoni ni kitabu ambacho hakuna mtu duniani aliyekiandika. Sentensi ya mwisho ya ukurasa wa 60 haiungani na ya kwanza ya ukurasa wa 61, na swali la mtihani likitoka hapo katikati mnadisco kwa pamoja.

Ndivyo inavyoweza kutokea kwa femwea. Programu za kusasisha vifurushi kwenye Linux haziandiki juu ya faili la zamani. Zinaandika faili jipya kwa jina la muda pembeni, halafu zinalibadilishia jina likae mahali pa la zamani kwa mkupuo mmoja. Huo ni utaratibu mzuri sana, kwa sababu aliyekuwa ameshalifungua la zamani anaendelea kulisoma la zamani mpaka amalize bila kuyumba. Lakini kerneli yetu hapa haijalishikilia! Kipande cha tatu kimetoka faili la zamani, kipande cha nne kinatoka faili jipya. IMA ikiitwa inakagua faili jipya, inakuta sahihi halali, inapiga muhuri. Kila kipande kimetoka kwenye faili halali. Mchanganyiko hauna sahihi ya mtu yeyote.

Kwa hiyo yule aliyesema "likishakuwa na sahihi kazi imekwisha" aniambie: sahihi ya lipi?

Najua majibu yatakayokuja. Jibu la kwanza: upakiaji unachukua muda mfupi tu, nani atasasisha katikati? Kwanza, femwea haipakiwi wakati wa kuwasha tu, inapakiwa pia kifaa kikizimia na kuamshwa upya, au kikichomekwa mashine ikiwa kazini. Pili, mashine nyingi siku hizi zinajisasisha zenyewe usiku. Muda mfupi ukizidisha kwa mashine nyingi si muda mfupi tena, sisi wa Hesabu tunalijua hilo toka fomu foo. Tatu, kuna mtu mbaya. Kwenye mashine ambayo IMA imewekwa kukataa kila kisicho na sahihi, hata mwenye nguvu zote za mfumo hawezi kutengeneza femwea yake mwenyewe. Lakini anaweza kuwa na matoleo mawili halali mkononi, na akawa anayabadilisha badilisha kwa kusudi wakati vipande vinasomwa. Hajaghushi hata baiti moja. Mimi siwezi kuwaambia atapata nini kwenye kila kifaa, ila utaratibu wa ukaguzi ulikusudiwa asiwe na hata uwezo huo.

Jibu la pili: kifaa chenyewe kitakagua. Kweli, vifaa vingi vya kisasa hukagua sahihi kabla ya kuanza kuendesha femwea, na hapo mchanganyiko utakataliwa. Safi. Lakini basi semeni hivyo, kwamba tunategemea kifaa. Msiseme kerneli imekagua. Na kifaa kisichokagua, chenye kuanza kuendesha chochote kilichofika? Hicho ndicho kilichohitaji ulinzi wa kerneli kuliko wote, na ndicho kinachoachwa nje kwenye mvua.

Ninachotaka si kikubwa. Dereva aseme mwanzoni: nataka faili fulani. Kerneli ilifungue MARA MOJA, ilikague zima mara moja, ilishikilie na kuzuia lisiandikwe juu yake, impe dereva kitambulisho. Kisha dereva aombe vipande kwa kitambulisho hicho, si kwa jina la faili. Akimaliza aseme nimemaliza, lifungwe. Faili likibadilishwa katikati, la zamani linaendelea kusomwa mpaka mwisho, na jipya litapata zamu yake safari ijayo. Kumbukumbu inayotumika ni ile ile ndogo. Hata diski inapumua, maana huhangaiki kulitafuta faili kwa jina mara 40.

Na msiniambie watu wa kerneli hawajui kupanga kitu chenye mwanzo, kati na mwisho. Kwenye Linux 5.19, mwaka 2022, uliingia utaratibu mwingine wa mtumiaji kupandisha femwea kwenda kwenye kifaa, na humo dereva ana hatua za kuandaa, kuandika kipande kipande, kusubiri kumaliza, kughairi na kusafisha. Mule data yote inakaa kwenye kumbukumbu kwa hiyo haitatui tatizo la ukubwa, lakini umbo ninalolitaka lipo. Ule wa 2020 uliletwa kwa ajili ya dereva mmoja. Kubadilisha kitu kinachotumiwa na dereva mmoja ni kazi ya wiki, kukibadilisha kikishatumiwa na madereva 50 ni vita.

Kidogo pembeni: waanzilishi wa haya yote ni watengenezaji wa vifaa wanaotoa femwea za makumi ya megabaiti, zimefungwa, huoni ndani, halafu wanaokoa senti kwa kutoweka hifadhi kwenye kadi. Mzigo wanautupa kwenye mashine yako. Hao nitawashughulikia siku nyingine, leo nina madesa ya Saikolojia ya Elimu yananisubiri.

Mtauliza tena, mwalimu, inakuhusu nini? Baadhi yetu tutapangiwa shule zenye maabara ya kompyuta kumi zilizotumika kwingine, na somo la kompyuta atapewa yeyote anayejua kuwasha. Mwanafunzi atauliza kwa nini mashine inasema kumbukumbu haitoshi wakati nusu iko wazi. Jamaa wangu wa vimbweta, aliyefundishwa miaka yote, atamjibu nunua RAM. Kwa pesa ya nani? Na hata ikinunuliwa, bado hajamjibu mtoto.

Haya, leteni mawe, sehemu ya maoni iko wazi. Kodi yenyewe iko kwenye drivers/base/firmware_loader/main.c, si ndefu kihivyo, mnaweza kuimaliza kabla foleni ya kantini haijaisha. Jumamosi jioni nitakuwa vimbweta vile vile. Mje na jibu la swali moja tu: faili likibadilishwa baada ya kipande cha tatu, kipande cha nne kinatoka wapi?